Namba Haziwashi Simu

Vijana wenzangu, tumekuwa wepesi mno kuamini kilichoandikwa juu ya boksi. Tangu niseme kwamba nitatembea kwa miguu kutoka hapa Mlimba hadi Ifakara, nipite Chita, Mngeta na Mbingu nikikusanya visa vya wakulima wa mpunga kwa ajili ya riwaya yangu, kila mtu kageuka mtaalamu wa pawabenki. "Beba ya elfu hamsini, mshikaji!" "Beba ya sola, kwani jua linalipiwa?" Napinga yote mawili.

Hizo elfu ni miliampia-saa za betri ya ndani, yenye volti 3.7. Simu inapokea volti 5. Kwa hiyo hata pawabenki halali ya 10,000 haitoi 10,000. Piga hesabu: ni wati-saa 37. Gawa kwa 5, unapata 7,400, na hapo bado hujatoa kinachopotea kwa joto. Simu yenye betri ya 5,000 itajaa mara moja na ziada, lakini mara mbili haifiki.

Sasa pawabenki ya kweli ya 50,000 ina wati-saa 185, na uzito wake hukaribia kilo nzima. Hiyo nyepesi inayoenea kiganjani kama kipande cha sabuni, ndani ina nini? Umeme haujazwi kwa kalamu! Tunauziwa mbuzi kwenye gunia, halafu tunasifia gunia.

Na sola je? Kile kioo cha ukubwa wa kiganja, hata kikitoa wati moja na nusu jua likiwa utosini, kitahitaji zaidi ya saa 24 za jua la namna hiyo kujaza wati-saa 37. Mawingu ya masika hujayahesabu. Tena betri ya lithiamu haipendi kuanikwa kama dagaa, joto linaiua.

Mtasema mimi mshamba, napinga maendeleo. Thubutu! Jirani yetu Kihansi kuna mitambo ya megawati 180, inafanya kazi tangu mwaka 2000. Sisi watu wa bondeni tunajua umeme unatoka kwenye maji yanayoporomoka, hautoki kwenye maneno.

Kwa nini nawaka hivi? Kwa sababu chaji ikikata porini, haukatiki muziki peke yake. Inaondoka tochi, inaondoka nauli iliyomo kwenye simu, inaondoka namba ya kuita msaada mtu akiumwa na nyoka. Na maneno ya mzee niliyekuwa namrekodi yanakatikia hapo hapo, na huenda asiyarudie tena.

Mimi nachagua ya 10,000, iliyoandikwa wati-saa zake, yenye uzito wa gramu 200 hivi au zaidi, na waya mfupi imara. Nitaijaza kila nikikuta kibanda cha kuchajia. Mtandao ukipotea nitauzima, maana simu inapouhangaikia ndipo inapomaliza chaji. Na daftari nitabeba, mjue.

Nanyi waandishi chipukizi mnaopima riwaya kwa unene wa kurasa, ugonjwa wenu ni huu huu. Wahenga walishasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nendeni dukani mkadai wati-saa, mkadai mizani. Muuzaji akigoma kuipima, mwachie boksi lake.