Silikanti akitokea mnadani, uliza kilichomtoa

Nilikuwa bwana samaki mkoani Tanga hadi nilipostaafu, na mpaka leo nikikaa barazani watu huniletea habari za viumbe vya ajabu. Habari zenyewe nazipenda. Kinachonikera ni namna tunavyozipokea. Mnyama aliyeandikwa vitabuni kwamba ametoweka akionekana tena, magazeti hushangilia, wakubwa hupiga naye picha, na yeyote anayeuliza imekuwaje akatoka huko alikokuwa amejificha huonekana mnoko. Leo acha niwe mnoko.

Nianze na samaki wetu. Mwanzo wa kisa chake unajulikana. Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa akiangalia makumbusho madogo ya mji wa East London, Afrika Kusini, aliona katika shehena ya meli ya nahodha Hendrik Goosen samaki mkubwa wa buluu, magamba magumu, mapezi yenye nyama kama vikono. Profesa J.L.B. Smith akathibitisha kwamba ni silikanti, jamii ambayo alama zake kwenye mawe zinakoma miaka milioni 66 iliyopita. Smith akakaa miaka 14 akimtafuta wa pili. Alisambaza matangazo katika pwani yetu yote, zawadi pauni 100, na Desemba 1952 akapatikana kisiwani Nzwani, Komoro. Mvuvi aliyemvua, Ahamadi Abdallah, alikwenda naye sokoni kama unavyokwenda na chewa. Wakomoro walimjua siku nyingi, wakimwita gombessa, na hawakumthamini sana, maana nyama yake ina mafuta mengi na humwendesha mtu tumbo. Waziri mkuu wa Afrika Kusini, Malan, akatoa ndege ya jeshi ikamchukue. Ndege ya jeshi, kwa samaki aliyekwishaanza kunuka!

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha bahati na elimu, na ni kweli. Lakini mimi niliyezoea kuandika daftari la mapato ya uvuvi husoma mstari mwingine kwanza: chombo gani, zana gani, kina gani. Meli ya Goosen ilikuwa ya kukokota wavu sakafuni mwa bahari. Silikanti wa Malindi mwaka 2001 naye alitoka kwenye meli ya kukokota. Hawa samaki hawakuamua kutuamkia.

Kwetu Tanzania yule wa kwanza kuandikwa alipatikana mwaka 2003 upande wa Songo Mnara, Kilwa. Kisha ikaja zamu ya Tanga. Kati ya 2004 na 2005, ndani ya miezi michache tu, walivuliwa zaidi ya kumi, wengine wakiletwa na wavuvi wa Kigombe. Wageni walikuja, kamera zikaja, na Tanga ikapata sifa ambayo mkonge ulikuwa umeipoteza. Wengi walisema silikanti wameongezeka, na wapo waliosema ni neema.

Karibu wote walinaswa kwa jarife. Kwa msomaji wa bara, jarife ni wavu wa macho makubwa na uzi mnene, wa kukamatia papa na taa. Linategwa jioni, linalala chini usiku kucha, alfajiri linavutwa. Halichagui. Na silikanti mchana hujibanza mapangoni kwenye miteremko ya chini, mita 100 hadi 300, usiku ndipo hutoka akielea polepole kutafuta windo. Panga saa za jarife na saa za silikanti ubavu kwa ubavu, hutahitaji mganga akupigie ramli.

Swali linabaki: kwa nini miaka ile, na si miaka ishirini kabla? Mabaharia wa Tanga walikuwepo, bahari ilikuwepo, na samaki huyu, kwa umri wake duniani, bila shaka alikuwepo. Kilichobadilika ni kina cha nyavu. Miamba ya karibu ilikuwa imechoka. Tanga tunajulikana kwa baruti, hilo halifichiki, na mwamba uliopigwa baruti haurudi kuwa nyumba ya changu na tasi kwa msimu mmoja wala kumi. Papa wa maji mafupi wakapungua, bei ya mapezi yao ikabaki juu. Mtu mwenye watoto wa kulisha na mkopo wa nyavu afanye nini? Akasogeza jarife nje, penye mteremko, akaongeza kamba. Huko chini ndiko alikokutana na mzee wa miaka milioni nyingi.

Kwa hiyo samaki wale walikuwa risiti ya hasara iliyotokea juu yao.

Si Tanga peke yake. Manado, Indonesia, ambako mtafiti Mark Erdmann na mkewe Arnaz walimwona silikanti wa aina nyingine sokoni mwaka 1997, aliyefuata mwaka 1998 alitoka kwenye wavu wa papa wa maji ya kina. Madagaska nyavu kama zetu huitwa jarifa, na watafiti walioandika juu ya kisiwa hicho mwaka 2021 wanahusisha moja kwa moja kuonekana kwa silikanti na kuenea kwa nyavu hizo, zilizofuata mapezi ya papa kwa ajili ya soko la Uchina. Tunasimuliwa visa vitatu vya ajabu. Mimi naona zana moja.

Mwaka huohuo wa 2021 wanasayansi wa Ufaransa walichunguza upya magamba ya silikanti waliohifadhiwa, wakahesabu miviringo yake kama mtu ahesabuvyo pete za gogo. Ilidhaniwa samaki huyu huishi miaka 20 hivi. Wao wakaona anakaribia 100. Jike huanza kuzaa akiwa amevuka miaka 50, na mimba yake huchukua miaka mitano. Narudia kwa wale waliopitia mstari huo haraka: mimba miaka mitano. Jike mmoja akivutwa alfajiri na kutupwa mchangani, mnada unapoteza uzazi ulioanza kabla mtoto wa mnunuzi hajaingia shule. Hakuna samaki ninayemjua, hata papa, anayeweza kuhimili hesabu hiyo.

Sisemi kila ugunduzi ni msiba. Mwaka 1987 timu ya Mjerumani Hans Fricke ilishuka na chombo kidogo cha chini ya maji pale Ngazija ikawapiga picha silikanti wakiwa hai, wametulia kwao. Mwaka 2000 wapiga mbizi wa Sodwana, Afrika Kusini, walikutana nao kwenye korongo la bahari, mita mia moja na kitu, na tangu hapo wanajulikana mmojammoja kwa madoa yao meupe. Hapo mtu ndiye aliyekwenda kwa samaki, akarudi na picha. Habari ya namna hiyo naishangilia bila kinyongo.

Bara nako mambo hayako mbali na haya. Wawindaji wa Kinyakyusa kwenye mlima Rungwe waliwaambia watafiti habari za nyani mwenye haya aitwaye kipunji. Watafiti wakasitasita, kwa kuwa wazee wa kule wana wanyama wengi wa masimulizi na haikuwa rahisi kujua huyu ni wa msituni au wa hadithi. Mwaka 2003 timu ya Tim Davenport ikamwona kwa macho. Mwaka uliofuata Trevor Jones akamwona naye huko Ndundulu, Udzungwa, na 2005 dunia ikatangaziwa. Hapo ndipo wengi huishia. Lakini kilichowezesha kumpima vizuri, hata 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, ni mzoga wa kipunji mchanga aliyenaswa na mtego katika shamba la mahindi. Shamba lilikuwa limefika msituni, au msitu umebaki hauna cha kumshibisha. Kule Udzungwa pia, mwaka 1991, watafiti wa Denmark waliona kwenye sufuria ya chakula cha kambini miguu ya ndege wasiyemfahamu. Ndiyo mwanzo wa kujulikana kwa kwale wa Udzungwa. Kisa hiki huwachekesha watu. Mimi hunichekesha nusu, maana sufuria ile haikuwa ya kwanza kumpika kwale huyo, ila ya kwanza kuchunguliwa na msomi.

Sasa chui wa Unguja, ambaye ndiye kila mtu hutaka tuzungumze habari zake. Shemeji yangu wa Makunduchi huapa kwamba yupo. Kamwona nani? Mtu wa kuaminika. Wapi? Njia ya kondeni. Na siku zote huyo chui ni wa kufugwa, ana mwenyewe, hutumwa. Nimeacha kubishana na shemeji, chakula kisije kikapoa.

Imani hiyo ya chui wa kufugwa ina historia nzito. Martin Walsh na Helle Goldman wameitafiti kwa miaka mingi: chui walipochukuliwa kuwa ni watumishi wa wachawi, kuwaua kukawa ni kusafisha kijiji. Baada ya Mapinduzi ya 1964, mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi aliongoza msako wa wachawi pamoja na chui wao, kisha misitu ikakatwa, wawindaji wakaendelea, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 walioangalia mambo haya hawakuona tena tumaini. Kilichobaki ni ngozi chache kwenye makumbusho. Mwaka 2018 kipindi cha televisheni cha Marekani kikaonyesha picha ya usiku ya chui iliyosemwa imepigwa Unguja, na mitandao ikawaka. Kuna waliokubali na waliokataa. Mimi nasubiri picha ya pili, ya tatu, kinyesi cha kupimwa, mbuzi aliyeliwa akakaguliwa. Kisiwa si kikubwa kiasi hicho.

Ila hata akithibitishwa kesho, hofu yangu haitaondoka. Habari ya "huenda bado yupo" hutusamehe haraka mno. Hakuna anayeulizwa aliyemmaliza, kwa sababu huenda hakumalizika. Hakuna msitu unaowekewa ulinzi mpya, kwa sababu mnyama wa uvumi hana gharama kwa serikali wala kwa mwekezaji. Waswahili tunayo hadithi ya Sultani Majinuni, ambayo Edward Steere aliikusanya Unguja na kuichapa mwaka 1870. Paka wa sultani alianza na mifugo, akaendelea mpaka akawa nunda mla watu, na kila raia walipokwenda kushitaki sultani aliwajibu kuwa paka ni wake na mali ni yake. Watafutaji wa wanyama wa siri hulitamani lile dude. Mimi hutazama miaka yote ya malalamiko yaliyopuuzwa kabla halijawa dude.

Na kuna paa nunga, ambaye hana kelele. Kwa Kizungu amepewa jina la daktari Aders, yuleyule ambaye jina lake limepewa chui wa Unguja. Paa huyu alikuwa akijulikana Unguja, ambako anawindwa mno, na katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako wamebaki wachache. Kisha kamera zilizotegwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya pamoja na wataalamu wa London katika misitu ya Boni na Dodori, kaskazini ya Lamu, kuanzia mwaka 2010, zikaonyesha wapo wengi kuliko yeyote alivyothubutu kukisia. Waaweer wa kule, wawindaji na walina asali wa asili, hawakushangaa. Hapa hakuna mtego wala sufuria, kwa hiyo lazima niulize swali langu kinyume: nini kilimficha? Barabara mbovu na ukosefu wa usalama mpakani. Ulinzi wa namna hiyo haudumu. Bandari ya Lamu imeshajengwa, na barabara zitaifuata.

Turudi Tanga. Mwaka 2009 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, kutoka kaskazini ya mji hadi mlango wa mto Pangani, kilomita za mraba 552. Ni jambo jema na nalitetea, ingawa kwa miaka mingi kumekuwa na mipango ya bandari ya kina kirefu Mwambani, ndani ya eneo hilohilo, na bomba la mafuta kutoka Hoima nalo linaishia Chongoleani, jirani. Lakini mipaka ya hifadhi hupita juu ya maji, na jarife liko chini.

Ningependa mnadani kila silikanti aandikwe pamoja na kina, zana, na mwenye zana. Hilo la mwisho ndilo hukwepwa. Baharia anayevuta jarife kwa kawaida si mwenye jarife. Nyavu ni za tajiri, naye ana fungu lake kabla mabaharia hawajagawana linalobaki, na wakirudi mikono mitupu deni ni lao. Tukienda na semina na fulana kumfundisha baharia thamani ya silikanti, tunamfundisha mtu asiyechagua mahali pa kutega. Serikali inunue majarife hayo, itoe badala yake mishipi na nyavu za samaki wa juu kama vibua na jodari, na kikao cha kwanza kiwe cha matajiri wenyewe, majina yao yakiwa kwenye daftari. Wengi nawajua, nao wananijua. Wala si watu wabaya: wakionyeshwa hesabu ya papa waliokuwa wakipata mwaka 2000 na wanaopata leo, watakuwa wa kwanza kuuliza malipo yatatoka lini.