Bila kikomo imefika kikomoni

Jumatatu iliyopita kabla sijamaliza chai yangu, jirani yangu mmoja hapa Mtwapa, mama ambaye ni fundi cherehani, alinipigia hodi. Alikuwa ameishika simu yake kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota samaki aliyeoza.

"Jirani, wewe si ndiwe mwandishi wa magazeti? Hebu nisomee haya maneno uniambie kama nimetukanwa."

Nilisoma. Hakuwa ametukanwa, lakini alikuwa na haki ya kukasirika. Kwa muda wa miaka mitatu mama huyu amekuwa akilipia, kila mwanzo wa mwezi, mpango wa intaneti ulioitwa "bila kikomo". Mwezi huu alipotaka kulipa kama ilivyo desturi yake, alijibiwa kwa ujumbe mfupi kwamba mpango huo haupo tena na achague mwingine. Huo mwingine bei yake ni ile ile, ila una kipimo. Gigabaiti zikiisha, umeisha nazo.

Akauchukua, kwani angefanyaje? Kufikia tarehe 9 zilikuwa zimekwisha.

Yafaa nieleze simu hiyo hufanya kazi gani nyumbani mwake. Huwekwa dirishani, ikagawa intaneti kwa nyumba nzima. Mama mwenyewe hupokea picha za mishono kutoka kwa wateja wake kupitia WhatsApp. Kijana wake wa kidato cha tatu husoma, au husema anasoma. Na binti yake mkubwa, ambaye yuko chuo cha ualimu, hupata nusu ya masomo yake kwa simu na hurejesha kazi zake kwa njia hiyo hiyo. Kazi moja ilitakiwa tarehe 12. Kwa hivyo tangu tarehe 9 mama alikuwa akinunua bando za shilingi hamsini hamsini, na ukizijumlisha unakuta zimeshaila faida ya gauni zima.

"Lakini mimi ni mteja wa zamani!" alisema, na akarudia mara tatu.

Hapo ndipo penye utamu wa hadithi hii, maana neno hilo la "mteja wa zamani" limesumbua vichwa vya watu wengi zaidi ya jirani yangu, na kwao huko yalikotokea mapema waliambiwa yale yale anayoambiwa yeye.

Kule Marekani, kampuni ya AT&T ilifunga mpango wake wa bila kikomo kwa wateja wapya mnamo Juni 2010, ikaanza kuuza gigabaiti 2 kwa dola 25 kwa mwezi. Wale waliokuwamo waliachwa na mpango wao wa dola 30, wakajiona wamebahatika. Lakini mwaka uliofuata kampuni ilianza kuwapunguzia kasi wale waliotumia sana. Hukukatiwa, la! Ulipewa intaneti bila kikomo inayotambaa kama kobe. Serikali ya huko iliishtaki kampuni hiyo mwaka wa 2014, ikidai kwamba wateja zaidi ya milioni 3.5 walikuwa wamefanyiwa hivyo, wengine wakiwa wametumia gigabaiti 2 tu. Kesi iliisha Novemba 2019 kwa kampuni kukubali kutoa dola milioni 60 za kuwarudishia wateja.

Kabla ya hapo, Februari 2012, mteja mmoja wa California hakungoja serikali. Alikwenda mwenyewe bila wakili katika mahakama ndogo ya madai, na hakimu akaamuru AT&T imlipe dola 850. Nilipomsimulia jirani yangu habari hiyo aliuliza kama mahakama hiyo ina tawi Shanzu.

Verizon nayo iliufunga mlango kwa wateja wapya Julai 2011. Mwaka wa 2012 iliwaambia wale wa zamani kwamba atakayechukua simu mpya kwa bei ya punguzo atauacha mpango wake mlangoni. Mwaka wa 2016 ikawaendea wale waliosalia ambao matumizi yao yalipita kiasi, ikawaambia wahamie kwenye mpango wenye kipimo au wakatiwe. Kisha, msomaji usicheke, Februari 2017 Verizon hiyo hiyo ilirejesha mpango wa bila kikomo kwa sababu washindani walikuwa wakiuuza. Maandishi madogo yalisema kwamba ukivuka gigabaiti 22 na mtandao ukawa na msongamano, huenda kasi ikapungua.

Hapa Kenya tuliyaonja mapema pia. Safaricom iliuondoa mpango wake wa intaneti bila kikomo mwaka wa 2012. Wanafunzi wa wakati ule, ambao leo ni wazazi, wanakumbuka jinsi mabweni yalivyonuna.

Sasa mtu atauliza: Kwa nini tupimiwe ilhali nyaya za baharini zinatua papa hapa kwetu? Ni kweli. Mnamo 2009 waya wa TEAMS ulitua Mombasa ukitokea Fujairah, SEACOM ukafuata mwaka huo huo, na baadaye EASSy. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti kwa bei ya dhahabu. Lakini waya huo mkubwa hauingii mfukoni mwako. Ukitoka kwenye waya, data hupitia mnara wa simu, na mnara una mawimbi yake ya kiasi maalum ambayo kila simu iliyo chini yake hugawana. Wakaao Mtwapa wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Jumamosi usiku, wageni wanapomiminika kutoka Mombasa kuja kustarehe, jaribu kufungua hata picha moja ya harusi.

Isitoshe, tunachokitumia kimenenepa. Ujumbe wa maneno si kitu. Lakini saa moja ya filamu yenye picha ya kawaida hula kama gigabaiti 1, na picha ikiwa ang'avu huweza kufika 3. Kijana akitazama mechi mbili Jumapili amekwisha kula chakula cha dada yake cha juma zima, tena bila kuacha ganda.

Kwa hivyo mimi si miongoni mwa wale wanaodai kwamba kupima ni wizi. Nilipokuwa mpangaji katika ploti moja upande wa Majengo, kodi yetu ilikuwa pamoja na maji. Tukaishi vyema mpaka akaja mpangaji mmoja aliyeanza kufua nguo za mtaa mzima kwa malipo. Tangi likawa linakauka saa nne asubuhi, nasi wengine tukawa tunanunua mitungi ya lita ishirini kwa wenye mikokoteni ilhali tumeshalipia maji. Mwenye nyumba alituita uani, akatueleza kwamba ataweka mita kila mlango, akatupa miezi miwili, na kodi akaipunguza kidogo. Tulinung'unika, ila hapana aliyesema amedhulumiwa, isipokuwa yule dobi.

Jirani yangu hakuitwa uani. Kampuni ilibadilisha kitu alichokuwa akikilipia na kubakisha bei, akaja kujua siku ya kulipa. Hilo ndilo ninaloliita dhuluma, na sidhani ninatia chumvi. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma, na haki ya kulindiwa maslahi yake ya kiuchumi. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Neno "bila kikomo" lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango. Kulifuta kwake hakungestahili herufi za ukubwa huo huo?

Nilimwandikia barua. Ya kwanza ni kwa kampuni yenyewe, kwani ndiko malalamiko huanzia, tukitaja tarehe alizolipa na kiasi. Asipojibiwa, au akijibiwa ovyo, atapeleka nakala kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Nilimsisitizia asiufute ule ujumbe mfupi wala ujumbe wa M-Pesa wa malipo yake, hata simu ikilalamika kwamba imejaa. Wengi wetu hufuta ushahidi kwanza, kisha ndipo tukaanza kutafuta haki.

Halafu tuliketi na ile simu. Tulizima video zinazojipakua zenyewe katika WhatsApp, tukaiambia isasishe programu zake pale tu ipatapo waifai, na picha za filamu tukazishusha hadi kiwango cha chini. Kijana alitutazama kama mtu anayeshuhudia mazishi. Mamaye akamwambia, "Mwanangu, mpira utautazama kwa kinyozi, kama wenzio." Binti naye alipewa usiku, nyumba ikilala, kwa kuwa bando za usiku ni nafuu zaidi. Kazi yake aliituma tarehe 11 saa nane usiku.

Barua tumeituma, jibu bado. Nitakuarifu, msomaji, likifika.

Jana jioni nilimkuta yule kijana ameketi kibarazani kwangu, kaegemea ukuta chini ya dirisha la sebule, kichwa kimezama kwenye simu. Aliniamkia kwa adabu kubwa kuliko kawaida yake.

"Marahaba. Unangoja mtu?"

"La, mzee. Hapa kwenu kuna upepo mzuri."

Upepo upo, sikatai, bahari haiko mbali. Ila waifai yangu pia ipo dirishani hapo, ya waya, na kwenye risiti imeandikwa "bila kikomo". Nimeitafuta miwani yangu nisome yaliyoandikwa chini yake.