Mwalimu wa Sayansi Aijue Nishati kwa Vitendo

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni jema. Lakini kugawa majiko na mitungi peke yake hakutalifikisha Taifa huko, iwapo mwalimu wa sayansi anaijua nishati hiyo kwa maandishi ya ubaoni tu.

Tangu mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilikataa kutenganisha masomo na kazi. Hata hivyo, yupo mwanafunzi anayekariri kwamba samadi iliyofungiwa pasipo hewa hutoa gesi ya methani, na kengele ya chakula ikilia hula makande yaliyopikwa kwa kuni alizokwenda kuzitafuta mwenyewe.

Ujuzi hauko mbali. CAMARTEC, kituo cha Arusha kilichoundwa mwaka 1981, kimeshughulikia mitambo ya gesi ya samadi kwa miaka mingi. Kinachotakiwa ni kuufikisha ujuzi huo katika vyuo vya ualimu: mwanachuo achimbe shimo, ajenge mtambo, achanganye samadi na maji, atafute mahali gesi inapovuja na kupaziba. Mtambo usio na fundi hugeuka gofu, na wananchi hurudia mafiga.

Wapangaji wa mafunzo hawana budi kutenga muda na vifaa vya kazi hiyo. Shime, walimu watayarishwe sasa, kwani mwaka 2034 hauko mbali.