AFYA YA JAMAA: Kwa Nini Daktari Amebadili Dawa?

Barua zinazoifikia safu hii kutoka katika kambi za jeshi na nyumba za polisi huuliza swali moja kwa maneno mbalimbali. Mke wa koplo mmoja ameliuliza kwa ufasaha kuwashinda wenzake. Anasema kwamba alipokuwa msichana alitibiwa malaria kwa klorokwini. Alipopata mtoto wa kwanza alipewa Fansidar. Mtoto wa pili alipozidiwa alitundikiwa dripu ya kwinini. Na mwaka huu, akiwa na mimba ya miezi miwili, amepewa vidonge vya dawa mseto, dawa ile ile ambayo katika mimba iliyotangulia mkunga alimkataza asiiguse mpaka miezi mitatu ya kwanza ipite. "Je," anauliza, "madaktari wanatubahatisha?"

Hawabahatishi, mama. Lakini swali lako ni la haki, na inasikitisha kwamba hukujibiwa pale pale dirishani ulipopokea vidonge. Mimi si daktari. Nilisomea ualimu, na kazi yangu ya serikali ni kupokea nyaraka na kuzipeleka zinakotakiwa. Nimeona nyaraka za matibabu zikibandikwa ukutani nyuma ya mlango, zimeandikwa kwa Kiingereza kizito, na mlango huo hubaki wazi mchana kutwa hata hakuna azionaye. Mganga akibadilishiwa maagizo, mgonjwa naye anastahili kuambiwa sababu.

Maagizo haya huanzia mbali. Shirika la Afya Duniani, lenye makao yake Geneva, hukusanya matokeo ya majaribio na kutoa mwongozo. Wizara ya Afya huupima mwongozo huo kwa hali ya nchi yetu, kisha huandika mwongozo wa taifa. Dawa yenyewe hairuhusiwi kuuzwa mpaka isajiliwe na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Baada ya hapo hapana budi dawa inunuliwe, isafirishwe, na wauguzi wafundishwe. Hatua hizo hula miaka. Uganda iliichagua dawa mseto ya atemeta na lumefantrini mwaka 2004, lakini ilianza kutolewa katika zahanati zetu mwaka 2006. Kwa hiyo wauguzi wawili wa vituo viwili waweza kukueleza mambo mawili tofauti, na wote wawili wakawa wanasema kweli kama walivyofundishwa.

Tuanze na klorokwini, maana wazee wengi bado wanaililia. Iligunduliwa Ujerumani mwaka 1934, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikawa ndiyo dawa ya malaria ya dunia nzima: rahisi, salama, yenye uchungu usiosahaulika, na kwa watu wengi wa huku yenye kuwasha mwili mzima. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vimelea visivyokufa kwa klorokwini vilionekana Afrika Mashariki. Malawi iliiacha mwaka 1993, ikiwa ya kwanza katika bara letu. Sisi mwaka 2000 tuliamua kuiunganisha na salfadoksini-pirimethamini, ambayo wengi huijua kwa jina la Fansidar. Lakini hiyo nayo ilikuwa inachoka, na ule muungano haukudumu.

Sasa tazameni lililotokea Malawi. Baada ya miaka zaidi ya kumi bila klorokwini, watafiti waliwatibu kwa dawa hiyo watoto 80 mjini Blantyre, na matokeo yakatangazwa mwaka 2006: ilishindwa kwa mtoto 1 tu. Vimelea sugu vilikuwa vimetoweka, kwa kuwa usugu una faida kwa kimelea pale tu dawa inapotumika. Msidhani kwamba habari hiyo ni ruhusa ya kurudi dukani kununua klorokwini. Ninaitaja ili ionekane kwamba ni sisi, kwa namna tunavyomeza dawa, tunaoviponza au kuvilea vimelea hivi.

Dawa mseto ina historia ambayo askari wataipenda. Tarehe 23 Mei 1967 serikali ya China ilianzisha kazi ya siri iliyoitwa Mradi 523, kwa kufuata mwezi wa 5 na tarehe 23. Shabaha yake ilikuwa kutafuta dawa ya malaria kwa ajili ya majeshi ya Vietnam Kaskazini, kwani malaria ilikuwa ikiwamaliza askari katika misitu. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake walichunguza maandiko ya kale ya tiba za Kichina, na katika mwaka 1972 wakatenga kutoka katika mmea wa atemisia kiini kilichoitwa atemisinini. Bibi huyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa mnayopewa leo katika zahanati ya kambi, basi, asili yake ni vitani.

Ubora wa atemisinini ni kasi yake. Huua vimelea vingi mno kwa muda mfupi, na homa aghalabu hushuka siku ya pili. Udhaifu wake ni kwamba hutoka mwilini baada ya saa chache. Ndiyo maana imefungwa pamoja na mwenzake, lumefantrini, aendaye polepole lakini akaaye siku kadhaa, awamalizie waliojificha. Atemisinini ni kikosi cha mashambulizi. Lumefantrini ni walinzi wanaobaki kuilinda ngome. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitaka vidonge vya atemisinini pekee, visivyo na mwenza, visiuzwe tena.

Hapa ndipo penye hatari yenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi hupewa vidonge 24: vinne mara moja, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Afande huamka siku ya pili akiwa hana homa. Anameza vinne vya asubuhi, anavaa buti, anaingia zamu. Amekwisha kumeza 12, na 12 vimebaki katika karatasi. Mkewe, mwanamke mwangalifu asiyependa kupoteza kitu, anaviweka katika kopo juu ya kabati. Naye ameambiwa na jirani kwamba mtoto mwenye uzito chini ya kilo 15 humeza kimoja kimoja, jumla 6. Hesabu yake ni sahihi kabisa: vidonge 12 ni dozi za watoto wawili!

Hesabu ni sahihi, tiba si sahihi. Baba amebaki na vimelea vilivyoionja dawa na visife. Nao watoto, homa itakapowashika, watamezeshwa vidonge bila kupimwa, ilhali pengine homa hiyo ni ya mapafu, na kila saa inayopita inahesabiwa. Tangu mwaka 2010 mwongozo wa dunia ni kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kwa darubini au kwa kipimo cha haraka cha tone la damu. Kipimo kikisema hakuna malaria, daktari asipokupa dawa ya malaria hakukunyima haki yako. Ametambua kwamba adui ni mwingine na inampasa amtafute. Tena mjue kwamba kipimo kile cha haraka chaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa kuwa mabaki ya vimelea yamo bado katika damu. Kwa hiyo msikimbilie kupima tena wiki ya pili ili mjue kama dawa imefanya kazi. Homa ikirudi, rudini kwa mganga mkamweleze tarehe mliyomaliza dozi.

Vidonge hivi vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa, au uji uliotiwa njugu zilizosagwa, maana lumefantrini haiingii vizuri katika mwili ulio na njaa. Mgonjwa akitapika kabla ya saa moja kupita, arudie dozi ile, na aende kituoni aongezewe vidonge ili hesabu isipungue.

Kwa nini ukali huu wote? Kwa sababu adui ameanza kujifunza tena. Mwaka 2021 watafiti walitangaza uchunguzi uliofanywa kaskazini mwa nchi yetu kati ya mwaka 2017 na 2019. Kati ya wagonjwa 240 waliotibiwa kwa sindano ya atesunati, 14 walikuwa na vimelea vilivyochelewa kufa. Jirani zetu wa Rwanda walikuwa wametangaza dalili za namna hiyo mwaka 2020. Dawa mseto bado inaponya, kwa kuwa yule mwenza bado ana nguvu, lakini kila dozi iliyokatwa katikati humwachia mwenza huyo mzigo asiouweza.

Nirudi kwa mama wa koplo. Zamani mwenye mimba changa alipewa kwinini pamoja na klindamaisini kwa siku 7, dawa ya kizunguzungu na mlio wa masikio, ambayo wengi waliitupa siku ya tatu. Dawa mseto ilizuiwa katika miezi ile kwa tahadhari, kwa kuwa ushahidi ulikuwa haujatosha. Ushahidi ulipokusanywa kutoka kwa akina mama wengi, Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake Novemba 2022: atemeta na lumefantrini ndiyo itumike pia katika miezi mitatu ya kwanza. Mkunga wako wa kwanza alitii agizo la wakati wake, na wa pili ametii agizo la leo.

Ile Fansidar nayo isikuchanganye. Imeondolewa katika kutibu, ikabakizwa katika kukinga: mama hupewa vidonge vyake kliniki kuanzia wiki ya 13 ya mimba, kila baada ya mwezi mmoja au zaidi, angalau mara tatu mpaka ajifungue. Lakini mama anayetumia kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrin, asichanganye na hiyo. Amwambie mkunga waziwazi, hata kama foleni ni ndefu na masikio ni mengi. Aombe kuitwa kando.

Kuhusu dripu ya kwinini, jambo hilo lilipimwa kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Uganda ikiwamo. Matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba miongoni mwa waliopewa kwinini walikufa 10.9 katika kila 100. Miongoni mwa waliopewa sindano ya atesunati, 8.5. Mwaka 2011 atesunati ikawekwa mbele kwa malaria kali ya watoto. Lakini sindano hiyo ni ya mgonjwa aliyezidiwa: anayepoteza fahamu, anayetetemeka kwa degedege, asiyeweza kumeza. Tena mgonjwa akipata nafuu lazima amalize kwa dawa mseto siku 3. Askari mzima wa mwili anayedai achomwe sindano kwa kuwa vidonge ni vya watoto, huyo anataka heshima asiyoihitaji.

Wachanga kabisa nao wamekumbukwa. Julai 2025 mamlaka ya dawa ya Uswisi iliidhinisha dawa mseto ya kwanza iliyotengenezwa kwa watoto wenye uzito chini ya kilo 5, na Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi 8 za Afrika zilizoshiriki katika kuichunguza. Kabla ya hapo waganga walilazimika kukisia kwa dawa za wakubwa wao.

Limebaki jambo la chanjo, na hili linawahusu hasa wale wanaohamishwa kila mara. Aprili 2025 serikali ilizindua chanjo ya malaria iitwayo R21 huko Apac, kwa ajili ya wilaya 105 zenye maambukizi makubwa na ya wastani. Mtoto huchanjwa akiwa na miezi 6, 7, 8 na 18. Haizuii malaria yote, na chandarua kinabaki pale pale. Dozi ya nne ndiyo iliyo rahisi kusahauliwa, kwa kuwa iko mbali na ya tatu kwa miezi 10, na katika miezi 10 polisi aweza kuhamishwa vituo viwili. Amri ya uhamisho inapofika, kadi ya mtoto isifungwe ndani ya sanduku la vyombo linalotangulia kwa lori. Mama asafiri nayo mkononi, na katika wiki ya kwanza ya kituo kipya aipeleke zahanati, aulize kama wilaya ile imo katika zile 105, na kama haimo, ni kituo kipi kilicho karibu ambacho mtoto atamalizia dozi yake.