Mkoko Umenenepa, Mchawi Nani?

Kuna namba moja ambayo kila mpenda magari anaijua kwa moyo: nguvu za farasi. Muulize shemeji yako kuhusu gari analoliota usiku, atakujibu bila kupumua: "Lile lina farasi mia sita na kitu!" Atakutajia sekunde za kufika kilomita 100 kwa saa, atakutajia spidi ya mwisho, hata mlio wa ekzosi atakuigizia. Sasa mtupie swali moja dogo: lina kilo ngapi? Hapo utamwona anakuna kichwa.

Mwezi huu, wapendwa, tunaongelea hiyo namba isiyoulizwa. Magari ya kasi yamenenepa, tena sana, na anayelipia unene huo si kiwanda. Ni wewe na mwenzi wako, kwenye mafuta, matairi na breki, miaka yote mtakayokuwa nalo. Kama nyumbani kwenu mmeanza kunong'onezana habari za kununua gari "lenye moto kidogo", someni ukurasa huu wote wawili.

MIZANI HAINA AIBU

Tuchukue BMW M5, gari ambalo vijana wengi wa mjini wameliweka kwenye skrini ya simu. M5 ya kwanza ilitoka mwaka 1985. Ilikuwa na farasi 286 na uzito wa kilo 1,430 hivi, na enzi hizo ilihesabika kuwa moja ya saluni zenye mbio kuliko zote duniani. M5 iliyotoka mwaka 2024 ina kilo 2,435. Tofauti ni tani nzima na kidogo! Ni kama ile ya zamani imebebeshwa gari jingine dogo mgongoni.

Utasema, sawa, lakini na nguvu si zimeongezeka? Zimeongezeka, ndiyo. Ila fuatana nami kwenye hesabu hii. M5 ya mwaka 2018 ilikuwa na farasi 600, uzito wa kilo 1,855, na ilifika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.4. Hii mpya ina farasi 727. Inafika kwa sekunde 3.5. Yaani wameongezwa farasi 127, na wote wameishia kubeba mizigo. Mbio zenyewe zimepungua kwa unywele mmoja.

Usidhani ni BMW peke yao. Mercedes-AMG C63 iliyotambulishwa mwaka 2022 ina injini ndogo ya lita 2 ikisaidiwa na mota ya umeme, jumla farasi 680, na uzito wake umepita kilo 2,100. Volkswagen Golf GTI ya mwaka 1976 ilikuwa na kilo 810 tu. GTI za siku hizi zimepita kilo 1,400. Na hawa jamaa wa Lotus, Uingereza, ndio wanaoshangaza zaidi. Mwanzilishi wao, Colin Chapman, alijenga jina la kampuni nzima juu ya wazo moja: gari likiwa jepesi linakuwa na kasi kila mahali, kwenye kona, kwenye breki na kwenye kuondoka. Mwaka 1996 walitoa Elise yenye kilo 725 hivi. Mwaka 2022 Lotus hiyo hiyo, ikiwa sasa chini ya Geely ya China, ikaonyesha gari la umeme liitwalo Eletre, lenye uzito wa karibu tani 2 na nusu. Eletre moja, Elise tatu na chenji inabaki!

KILA KILO INA MWENYEWE

Sasa mchawi ni nani? Ukimtafuta mmoja humpati, kwa sababu uzito haukuingia kwa mlango mmoja. Uliingia kidogo kidogo, na kila kilichoingia kilikuwa na sababu nzuri.

Kwanza usalama. Gari la miaka ya 1980 lilikuwa na mikanda na maombi. Leo kuna mifuko ya hewa mbele, pembeni na juu ya vioo, kuna mihimili ya chuma ndani ya milango, na bodi imeundwa ili sehemu ya mbele ijikunje na sehemu ya abiria ibaki imara. Tangu mwaka 1997, Euro NCAP ya Ulaya imekuwa ikigongesha magari makusudi na kuyapa nyota, na hakuna kiwanda kinachotaka kuaibika kwa nyota mbili. Hapo mimi sina ugomvi na mtu. Kilo zinazomrudisha mtu nyumbani kwa mkewe au mumewe ni kilo halali.

Pili starehe. Mmoja anataka siti za umeme, mwingine anataka kipupwe cha mbele na nyuma, mmoja anataka spika kumi na sita, mwingine anataka vioo vinene ili kelele za barabarani zisiharibu maongezi. Wote mna haki. Ila kila mota ya siti, kila waya na kila kioo kinene kinapanda kwenye mizani.

Tatu ukubwa. Kila toleo jipya huwa refu na pana kuliko lililopita, kwa sababu mnunuzi anapenda kuona kwamba amepanda ngazi.

Nne, na hii ndiyo kubwa ya miaka ya karibuni, ni betri. Sheria za Ulaya za kupunguza moshi zimewabana watengenezaji, wakaamua kuchanganya injini ya petroli na mota ya umeme. M5 mpya ni haibridi ya kuchomeka: imeibakiza injini yake ya V8 na juu yake ikaongezewa betri, mota na waya nene za umeme. Kwa umeme peke yake inaweza kwenda kilomita zisizofika 70. Kwa mtu anayeishi Munich na kuchomeka gari kila usiku, inaleta maana. Kwa anayekaa mahali ambapo umeme ukikatika hata friji inamtia wasiwasi, anatembea na betri aliyoisahau kuichaji.

Halafu unaanza mzunguko. Gari likiwa zito linahitaji breki kubwa. Breki kubwa zinataka rimu kubwa. Rimu kubwa zinataka matairi mapana. Vyote hivyo vinataka shokapu na mikono imara zaidi, na sasa gari limekuwa zito zaidi, kwa hiyo liongezewe farasi, na farasi wanataka rejeta kubwa zaidi. Mnaona linavyokwenda? Ni sawasawa na bajeti ya harusi: hakuna kitu hata kimoja kilichozidi, ila jumla yake ndiyo inayowatoa jasho.

BILI INAKUJA KWENU

Watetezi wa magari haya wana hoja, tusiwanyime. Siku hizi kuna shokapu zinazojirekebisha zenyewe, magurudumu ya nyuma yanayokata kona pamoja na ya mbele, na kompyuta inayogawa nguvu kwa kila tairi. Ukiendesha hutahisi kwamba umekalia tani 2 na nusu. Sawa. Lakini uzito umefichwa tu, haujaondoka.

Kanuni ya fizikia mliyofundishwa sekondari haijabadilika. Gari likiwa kwenye mwendo ule ule, nguvu inayotakiwa kulisimamisha inaongezeka sawa na uzito wake. M5 mpya ikiwa kilomita 100 kwa saa ina asilimia 70 zaidi ya mzigo huo kuliko M5 ya 1985. Sehemu inarudishwa kwenye betri, ndiyo, lakini mkikanyaga breki kwa nguvu, inayobaki inageuka joto kwenye diski na pedi. Na matairi ndiyo yanayobeba kila kitu: kuondoka, kukata kona na kusimama. Hii M5 inavaa inchi 20 mbele na 21 nyuma. Kaulizieni bei ya tairi moja ya inchi 21, kisha zidisheni, kisha kumbukeni mashimo ya barabara ya kwenda kwenu.

Kwenye foleni ndiyo kabisa. Kila mnaposogea hatua kumi na kusimama, injini imesukuma tani zote hizo kutoka sifuri. Gari la kasi halina nafasi ya kuonyesha kasi kwenye foleni ya saa kumi na moja jioni, ila nafasi ya kunywa mafuta ipo tele.

Kuna la mwisho, na hili halihusu mfuko wenu. Gari la tani 2 na nusu likigongana na Vitz ya tani moja, mshtuko mkubwa wanaupata walio kwenye Vitz. Likimgonga wa bodaboda, tusiseme. Kwa hiyo ule usalama mlioununua kwa kilo, sehemu yake mnaitoa kwa wengine barabarani. Si dhambi kuwa na gari kubwa, lakini mwenye gari zito na lenye mbio anadaiwa ustaarabu zaidi kuliko wengine.

Na wapo walioanza kulipisha uzito wenyewe. Jiji la Paris, tangu Oktoba 2024, linawatoza wageni wa jiji euro 18 kwa saa kuegesha katikati ya mji kama gari lao la mafuta au haibridi linaanzia kilo 1,600, au la umeme linaanzia tani 2. Ni mara tatu ya bei ya wengine!

WALIOGOMA KUNENEPA

Msikate tamaa, wapo waliokataa. Mazda walitoa MX-5 mwaka 1989, kigari cha watu wawili tu, kama kimetengenezwa kwa ajili ya wachumba. Toleo la mwaka 2015 likaja likiwa jepesi kuliko lililotangulia, karibu tani moja, pamoja na vifaa vyote vya usalama vya kisasa. Kwa hiyo inawezekana, wakitaka.

Yupo pia Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, aliyebuni McLaren F1 ya miaka ya 1990. Mwaka 2020 alionyesha gari lake mwenyewe, T.50, lenye injini ya silinda 12 na uzito wa kilo 986. Bei yake tuiache, tutaharibu siku. Lakini ni ushahidi kwamba mtu akihesabu kila gramu, gari linatii.

Hata kwenye mashindano wameamka. Magari ya juu ya mbio za dunia za rali yalikuwa na haibridi kuanzia 2022 hadi 2024, uzito wa chini ukiwa kilo 1,260. Mwaka 2025 haibridi ikaondolewa na uzito ukashushwa hadi 1,180, kwa hiyo waliokwenda Naivasha mwaka huo kuangalia Safari Rally waliona magari yaliyopungua kilo 80. Formula 1 nao, waliofikia kilo 800 mwaka 2025, wakashusha hadi 768 kwa mwaka 2026.

KABLA HAMJATIA SAINI

Kaeni chini wawili, na simu ya kukokotolea, mfanye haya:

1. Tafuteni uzito wa gari. Kwa gari lililotumika kutoka Japani, cheti cha kusafirishia nje kinaonyesha uzito wa gari tupu na uzito likiwa na abiria na mzigo. Muuzaji akuonyeshe, asikupe maneno.

2. Gawanyeni farasi kwa tani. M5 ya 1985 inatoa 200. Toyota GR Yaris ya 2020, kigari cha silinda tatu chenye farasi 261 na kilo 1,280, kinatoa 204! M5 ya 2018 inatoa 323, na ile mpya yenye farasi 727 inatoa 299. Hapo ndipo mtajua nani anawauzia mbio na nani anawauzia namba.

3. Ulizieni bei ya matairi manne, diski na pedi kabla ya kuulizia bei ya gari. Kama jibu linawafanya mtazamane, gari hilo si lenu kwa sasa.

4. Mpelekeeni fundi akague bushi, bolijointi na shokapu. Kwenye gari zito hivyo ndivyo vinavyoumia kwanza. Kama ni haibridi, afya ya betri ipimwe kwa mashine, si kwa kuangalia taa ya dashibodi.

5. Lijaribuni wote wawili, kwenye barabara mnayopita kila siku, pamoja na tuta lake na foleni yake. Barabara ya majaribio ya muuzaji siku zote ni nzuri.

6. Mkishanunua, msilinenepeshe. Rimu kubwa kuliko za kiwandani, sabufa linalojaza buti, na yale mazagazaga ya harusi ya mwaka juzi ambayo bado yamo nyuma, vyote ni kilo mnazozilisha mafuta.

Mmoja wenu akisema "lakini lina farasi mia sita", mwingine aulize kwa upole tu: wa kumbeba nani? Jibu likieleweka kwa wote wawili, nunueni na mlifurahie. Lisipoeleweka, hifadhini hela, magari hayaishi bandarini.

Tukutane mwezi ujao, na mkanda ufungwe hata kama mnakwenda hapo dukani tu.