Ua la Kwanza la Mfumaji



Wakimbizi walioikimbia Burundi katika mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, mkoani kwetu Tabora, kama wenzao walivyopewa Katumba na Mishamo. Mwaka 2007 Serikali iliwapa hiari ya kurejea kwao au kuomba uraia, na wengi wao wakaomba uraia. Mwaka 2010 maombi ya watu takriban 162,000 yalikubaliwa. Lakini vyeti vikazuiliwa, kwa kuwa walitakiwa kwanza kuyahama makazi na kutawanyika mikoani. Wakakaa katikati hivyo hadi Oktoba 2014, ugawaji wa vyeti ulipoanza.

Katika miaka hiyo ya mashaka mama mmoja wa makazi, mfumaji wa sweta za shule, alibuni ua lake la kwanza. Hapo awali alifuata sampuli za wengine: rangi moja, na mstari shingoni. Sasa alikitwaa kikapu alichorithi kwa mama yake, chenye pembe nyeusi zipandazo na kushuka, akakiweka magotini akahesabu. Kazi hii yataka hesabu kweli kweli. Pembe za kikapu huzunguka bila mwisho, ilhali sweta ina kifua, mgongo na mshono wa ubavuni. Vitanzi visipogawanyika sawasawa kwa upana wa pembe moja, ua hukatika ubavuni. Tena uzi wa rangi usiotumika hupitishwa nyuma ya kazi, nao ukivutwa mno kifua hujikunja. Alifuma, akafumua. Mara ya nne pembe zikakutana.

Majirani wakamsihi aifumue tena. Ua la Kirundi, walisema, wakati watu wanangoja vyeti, ni kuwakumbusha wenye nchi kwamba sisi ni wageni. Hofu yao ilikuwa na sababu, wala hatuwacheki. Lakini hebu tuulize kilicho "cha hapa" ni kipi. Njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ililipiwa kwa nguo za ng'ambo. Merikani, iliyochukua jina la nchi ilikofumwa, ilikuwa ujira wa wapagazi na hongo kwa watemi. Kaniki ilitoka India. Wanyamwezi wenyewe walikuwa na vitanda vyao vya mfumi na pamba yao, naye Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika habari zake. Vitanda hivyo vimetoweka, kaniki ikabaki. Nani leo aiitaye kaniki mgeni?

Yeye hakuifumua. Aliivaa kanisani.

Lililo zito zaidi, kwa maoni yetu, ni ujira. Mfumaji hulipwa kwa sweta iliyokwisha; siku za kuhesabu na kufumua hazimo katika bei. Mwenye mashine ya kufuma hununua moja, huhesabu vitanzi jioni moja, na juma lifuatalo soko zima lina pembe zile zile, kwa bei ya chini. Huo ni unyang'anyi, hata kama hakuna mlango uliovunjwa. Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na mtu aifanyaye. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 nayo huzihesabu kazi za sanaa za mikono miongoni mwa zile inazozilinda, ingawa ni vikundi vichache vya akina mama vilivyowahi kuelezwa hivyo.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa parokia na jumuiya ndogo ndogo wahakikishe kila kikundi kina daftari la maua, lenye mchoro, jina la mbunifu na tarehe, likashuhudiwa na watu wawili. Bei ya sweta kumi za kwanza za ua jipya iwe na fungu la kumlipa mbunifu siku zake za kufumua. Nao waliokwisha kuuza maua yao kwa bei ya uzi peke yake waalikwe kwanza katika kikao kijacho, wasikilizwe kabla ya wengine wote.