Stima Inatoka Kwao, Giza Linabaki Kwao

Wasee wa Nakuru, swali la haraka. Mara ya mwisho stima ilipotea, ulikaa dakika ngapi kabla hujaanza kulalamika mtandaoni? Tano? Ile Agosti 25, 2023, karibu Kenya nzima ilipoingia giza, tulirusha vichekesho hadi simu zikazima. Sawa. Lakini kuna watu kwenye milima ya hii Rift Valley yetu ambao usiku huo hawakujua kama kuna kitu kimetokea. Stima haikupotea kwao kwa sababu haijawahi kufika.

Na hapa ndipo inaniuma. Hii nchi inajivunia, na ni haki yake, kwamba karibu asilimia 90 ya stima yake inatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Sehemu kubwa inatoka huku kwetu. Olkaria kule Naivasha imekuwa ikitoa stima tangu 1981. Menengai, hapa juu ya mji, walianza kuchimba visima 2011, na 2023 mtambo wa megawati 35 ukaanza kazi. Turkwel kule Pokot Magharibi ni megawati 106 za maji. Kwa hivyo usiniambie shida ni uhaba wa kuzalisha. Kuna saa za usiku wa manane mvuke wa Olkaria huachiliwa tu hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia.

Shida ni njia ya kuufikisha. Angalia mradi wa upepo wa Ziwa Turkana: mitambo 365, megawati 310. Ilikuwa imesimama tayari 2017, lakini ikangoja hadi 2018 ndiyo laini ya zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa ikamilike. Ile laini inapita Samburu, juu ya maboma na mifugo, na mama anayekaa chini yake bado anawasha koroboi. Si uchoyo tu. Laini ya kilovolti 400 huwezi kuichomoa waya ukaingiza kwa nyumba. Unahitaji kituo kikubwa cha kupunguza nguvu, na hakuna mtu atajenga kituo hicho kwa sababu ya boma kumi.

Serikali ilikuja na Last Mile mwaka 2015. Bei ya kuunganishwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na watu wengi wakapata stima, hilo silipingi. Lakini awamu ya kwanza ililenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma. Mita 600! Hapa Kaptembwo hiyo ni mitaa mizima. Kule Tiaty au kwenye miteremko ya Milima ya Tugen, mita 600 inaweza kuwa wewe na jirani mmoja, na korongo katikati. Kuendelea kuvuta nguzo moja moja hadi kila kilele ni kuwaambia hawa watu wangoje wajukuu wao.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: tuache kungoja waya upande mlima. Tujenge gridi ndogo huko huko juu, na ziwe gridi janja.

Najua neno "janja" linasikika kama tangazo la simu, kwa hivyo wacha nieleze. Unaweka paneli za sola, au mtambo mdogo kwenye mto unaoteremka, pamoja na betri. Kila nyumba inapata mita ya tokeni inayolipiwa kwa M-Pesa, na hizo mita zinaongea na kompyuta kupitia mtandao wa simu. Saa sita mchana jua likiwa kali, mfumo unaruhusu mashine ya kusaga na pampu ya maji. Jioni unabakisha taa, simu na runinga. Mvua ikinyesha wiki nzima na betri zipungue, haizimi kila mtu; inakata mashine nzito kwanza, na friji ya chanjo kwenye zahanati inakuwa ya mwisho kabisa. Kitu kikiharibika, fundi anajua ni upande gani kabla hajapanda boda.

Na hii si ndoto. Kule Tungu-Kabiri, karibu na Mlima Kenya, wanakijiji walijenga mtambo wa maji wa kilowati 18 zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Eburru, mlimani hapa kaunti yetu, kuna kituo cha mvuke cha takriban megawati 2.4 tu tangu 2012. Mtambo si lazima uwe mkubwa kama Olkaria ndiyo uhesabike.

Kuna wale watasema, "Si kila mtu anunue tu sola yake ndogo?" Sola ya nyumbani ni poa kwa taa tatu na kuchaji simu. Haisagi mahindi. Haichomelei geti. Kijana wa Tiaty hawezi kufungua karakana kwa balbu tatu, ndiyo maana anashuka Nakuru kutafuta kibarua.

Wengine watauliza pesa itoke wapi. Swali zuri. Sheria ya Nishati ya 2019 inasema anayechimba mvuke alipe mrabaha, na ule mrabaha ugawanywe: serikali kuu asilimia 75, kaunti asilimia 20, jamii ya eneo hilo asilimia 5. Mimi naona sehemu ya kaunti ingeanza na vijiji vya milimani ambavyo havina waya. Zile asilimia 5 jamii yenyewe iamue. Pia tusijenge halafu tuondoke: kila gridi iwe na vijana wawili watatu wa hapo hapo, waliofunzwa, wenye leseni na mshahara. Bila fundi, betri ikifa baada ya miaka michache, unabaki na uzio na nyasi. Na bei ya yuniti isizidi yetu ya mjini. Mtu hafai kulipa zaidi kwa sababu alizaliwa juu.

2027 watakuja na fulana na ahadi za "stima kwa kila boma". Usipige makofi mapema. Uliza: mlima gani, kilowati ngapi, na nani ataitengeneza ikiharibika? Asiyeweza kujibu hayo matatu amekuja kwa kura tu.